Ufa Uliofichwa kwenye Upanga wa Marit

Wanangu wa Husby, Hjulsta na Fittja, huku pembezoni mwa Stockholm, nyie ambao nikiwasalimia kwa Kiswahili mnanijibu kwa Kiswidi, someni haya polepole. Nimeyaandika nikiwa na hasira, na mwenye hasira mkono wake hukimbia.

Kilichonichokoza ni maneno ya kijana mmoja kwenye sherehe ya ubatizo. Tulikuwa tumeshakula, watu wanapiga soga, akanigeukia: "Bibi Dorothea, ni kweli ulikuwa unatengeneza mapanga ya kale ya Kijapani? Yale si ni mapambo ya ukutani tu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilikuwa ni sherehe ya watu. Ila nilipofika nyumbani nilitafuta kalamu. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa na mtu mzima aliyevaa koti zuri, na alikuwa anadanganya. Mtu mwingine nusura apasuliwe uso kwa sababu ya uongo ule.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nilifika Sweden kama wengi wetu, nikiwa na watoto na begi moja, nikawa nasafisha ofisi za Kista na kusuka nywele jikoni kwangu siku za mapumziko. Mwalimu wetu wa Kiswidi alikuwa na desturi ya kututembeza tujifunze majina ya vitu. Siku moja akatupeleka kwenye karakana ndogo iliyokuwa chini ya jengo la zamani pale Södermalm. Mwenye karakana alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Gunnel. Ujanani alikaa Japani miaka mingi akijifunza kutengeneza deraya, yaani mavazi ya vita, na mipini ya panga, kisha akarudi kwao kuifanya kazi hiyo.

Wenzangu waliandika majina ya nyundo na patasi. Mimi nilisimama mbele ya deraya moja na kusahau kuandika. Niliona vibamba vidogo vya chuma na ngozi, mamia kwa mamia, na vyote vimeshonanishwa kwa kamba za hariri zilizosukwa. Zilizosukwa, wanangu. Kusuka nilikuwa nakujua tangu utotoni. Gunnel aliponiona nimeganda pale, akanipa nyuzi nne na kuniashiria nijaribu. Akatazama vidole vyangu, halafu akamwambia mwalimu kitu ambacho sikukielewa. Mwalimu akanitafsiria: "Anasema urudi wiki ijayo, peke yako."

Nilirudi, na nilikaa pale mpaka nikastaafu.

Msidhani nilipokewa kwa keki. Majira yote ya baridi ya kwanza nilifunga utepe kwenye mti wa ufagio. Mpini wa upanga wa Kijapani ni vipande viwili vya mti, vinavikwa ngozi ya samaki, yule bapa tunayemwita taa, ngozi yake ina vipele kama mchanga. Juu yake unazungusha utepe wa hariri, unaupishanisha kulia na kushoto, upande huu na upande ule, mpaka zinatokea almasi ndogo zilizopangana, yaani vipembe vinne vinavyoonyesha ngozi ya chini. Chini ya kila makutano unatia kikaratasi kilichokunjwa ili utepe usilale. Mkono ukilegea mara moja tu, almasi zinakengeuka, na mpini utamzungukia mtu kiganjani. Nilikuwa nikimaliza namwonyesha Gunnel. Anaupitisha kidole gumba, anasema "Fungua." Nafungua, naanza upya. Neno la Kiswidi la kufungua nililichukia kabla sijajua kuliandika.

Jambo jingine lililonitesa ni mdomo. Mbele ya upanga ulio nje ya ala haifai kuongea, kwa sababu chembe za mate zikitua kwenye chuma kile zinaleta kutu. Na mimi mnanijua. Gunnel alikuwa akinipa karatasi safi niibane kwa midomo nikiwa nafuta mafuta ya zamani. Nilipomsimulia mume wangu, akauliza kwa upole kama naweza kuleta karatasi kadhaa nyumbani.

Tena nilitaka kumwita Mama Gunnel, maana alinizidi umri na ndiye mwalimu wangu. Akakataa. "Gunnel inatosha," alisema. Kwa sisi wa Buyenzi ilikuwa kama kumvua mtu mzima nguo mbele za watu, lakini nikazoea.

Ngoja niseme kwanza juu ya wenye vitu hivi, ndipo mtaelewa hasira yangu. Wapo waliovipenda kweli. Lakini wapo waliovinunua kama mtu anavyonunua kiti. Mmoja alituletea deraya ya kale, kamba zake za buluu zimefifia vizuri kama kanga iliyovaliwa na mama na bibi, akataka tuzikate zote tuweke nyekundu zifanane na mapazia ya hoteli yake. Mwingine aliuchomoa upanga mpini, akausugua ule mkia wa chuma unaokaa ndani ya mpini kwa brashi ya waya mpaka ukang'aa, apate kuupiga picha na kuutangaza kwenye mtandao. Kutu nyeusi ya mkiani ndiyo umri wa upanga. Ndiyo inayomwambia mjuzi kwamba chuma hiki kilifuliwa zamani na hakijaghushiwa. Mtu mmoja, mchana mmoja, na brashi ya kusugulia jiko la nyama, akafuta karne. Gunnel aliupokea, akautazama, akaenda kukaa chini. Hakumgombeza. Hilo lilinishangaza na kuniudhi, nami nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Ni mali yake, Dorothea. Sisi tunatengeneza, hatuhukumu."

Maneno hayo alikuwa nayo siku zote. Mwalimu wake wa Japani ndiye aliyemfundisha: mambo ya mteja yabaki karakanani. Niliyaheshimu mpaka alipokuja Torsten na ule upanga.

Torsten alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Mrefu, sauti laini, anakumbuka majina ya watoto wako. Kazi nyingi za karakana zilipitia kwake, hivyo akiingia Gunnel alikuwa anaacha alichoshika na kuweka kahawa. Siku hiyo alileta upanga mrefu mzuri, mpini wake uchi, utepe wa zamani umeoza. Akataka mpini mpya. Gunnel akanipa mimi, maana kufikia wakati huo mipini ilikuwa kazi yangu.

Kabla ya kupima mpini niliutoa upanga alani, nikaufuta mafuta kwa karatasi na unga laini wa jiwe, nikaulaza kwenye kilili chake, kitanda kidogo cha mti. Nikaenda kuchagua utepe. Niliporudi, mwanga wa dirisha ulikuwa umeangukia makali, nikaona mstari. Mwembamba kuliko unywele, umeloa, unapanda kutoka kwenye makali kuelekea mgongoni. Nikaufuta. Ukapotea. Nikangoja. Ukarudi.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ni elimu. Upanga una kasoro za aina nyingi, na nyingi ni za uzee tu, kama mikunjo ya uso. Lakini ufa unaopanda kutoka kwenye makali ni kifo. Ukiupiga upanga huo kwenye kitu, siku moja utakatika pale pale, na kipande cha mbele kitaruka. Hakichagui kitakapotua. Na ufa wa namna hiyo huwezi kuuona kwa urahisi, hasa kama mtu ameyapaka makali tindikali yawe meupe kama ukungu. Makali yale yalikuwa yamepakwa. Lakini mafuta hujificha ndani ya ufa, na ukiufuta upanga ukasubiri, yanachungulia. Kuna methali tunayowaimbia tangu mko wadogo, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ufa wa upanga hauzibiki. Hakuna fundi anayeweza, hapa wala Japani.

Nilimwita Gunnel. Akatazama kwa kioo cha kukuzia. Torsten alipokuja, Gunnel alimwonyesha mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pale.

"Upanga huu umekufa," Gunnel alimwambia. "Usikatie kitu."

Torsten hakushtuka, nami nikaona kwamba hakushtuka. "Utakaa kabatini, nyuma ya kioo," alisema. "Ni pambo la ukutani sasa, masikini. Nataka tu uwe umevaa vizuri."

"Kabatini?" Gunnel aliuliza.

"Nimekupa neno langu."

Basi nikaufunga. Utepe wa rangi ya kahawia iliyoiva, almasi zimesimama mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Gunnel aliupitisha kidole gumba, akanirudishia bila kusema "Fungua." Mwalimu wa aina yake hasifu zaidi ya hapo. Nadhani ndio mpini mzuri kuliko yote niliyofunga maishani.

Sasa Marit. Huyu alikuwa mwalimu wa upanga, ana chama chake kidogo, wanafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa michezo Fittja. Mipini ya panga za mazoezi ya wanafunzi wake nilikuwa nafunga mimi, hivyo tulijuana vizuri. Alikuwa mwanamke wa kucheka kwa tumbo, mikono mipana kama ya muuza unga. Katika majira ya kuchipua yaliyofuata alinipigia simu. "Dorothea, hatimaye nimepata upanga wa kale wangu mwenyewe. Jumamosi nautumia kukata kwa mara ya kwanza. Njoo uone."

Nilitoka Husby, nikabadilisha treni katikati ya mji, nikafika Fittja nikiwa na sambusa kwenye mfuko. Wanafunzi walikuwa wameketi ukutani kwa mstari, watu wazima, wapo na vijana wawili watatu. Katikati ya sakafu wamesimamisha mkeka wa nyasi uliolowekwa maji, umekunjwa mviringo kama muwa mnene. Wanautumia kukatia kwa sababu, wanasema, ni kama mwili wa mtu. Marit akainama kwa heshima, akauchomoa upanga, akaushika kwa mikono miwili.

Mpini ulikuwa wangu.

Fundi anaijua kazi yake kama mama anavyomjua mwanawe kwa kisogo. Niliona rangi ile, niliona fundo langu la mwisho, ninavyolipinda kinyume kidogo na Gunnel. Miguu yangu ikatembea kabla kichwa hakijaamua. Niliingia sakafuni na viatu vyangu vya barabarani, vya matope ya Fittja.

"Viatu, Dorothea," Marit alisema, bila kunitazama. Ile sakafu hawaikanyagi na viatu, ni kama msikiti.

"Shusha upanga."

"Dorothea, toka kwanza uvue viatu."

"Marit, shusha. Una ufa. Niliufunga mimi mpini huo na niliuona ufa kwa macho yangu."

Akashusha. Taratibu, kama alivyofundishwa, lakini akashusha. Nilivua viatu, tukakaa chini, wanafunzi wakasogea. Marit aliutazama upanga dirishani, akaugeuza, akageuza tena. "Sioni kitu," alisema. Hakusema kwa dharau, alisema kama mtu anayeomba isiwe kweli. Nikamwambia alete unga wake na karatasi. Akaufuta mwenyewe, sikuugusa. Tukaulaza kwenye taulo, tukala sambusa. Kisha mwanafunzi mmoja, dereva wa basi wa huko huko Fittja, akainama akasema, "Kuna mstari."

Ulikuwa umechungulia, umeloa, pale pale.

Marit aliuweka mkono wake mpana juu ya uso wake. Wanafunzi wake walikuwa wameketi hatua chache tu kutoka kwenye ule mkeka, na alipanga wakate kwa zamu baada yake.

Alimpigia Torsten, aliyemuuzia, pale pale, sauti ya simu ikiwa wazi. Yule bwana alikuwa mtulivu kama maji ya mtungi. "Marit, vitu vya kale vina alama zake," alisema. "Mimi niliuza kitu cha kale. Na unajua kabisa kwamba umepitia karakana ya Gunnel. Wangekuwa na wasiwasi wangeufunga mpini vile?"

Mnaona? Mpini wangu aliufanya shahidi wake. Kidole gumba cha Gunnel, majira yangu ya baridi na mti wa ufagio, vyote alivivisha uongo wake ili upendeze. Nimeonewa mara nyingi katika nchi mbili, wanangu, na mengi nimeyasamehe kwa sababu yalifanywa na wajinga. Huyu alikuwa anajua. Alionyeshwa, akaambiwa, akatoa neno lake, halafu akauza kwa mtu ambaye alijua atakata.

Jumatatu nilimkuta Gunnel anachemsha gundi ya mchele. Nikamweleza yote. Akakoroga gundi mpaka nilipomaliza.

"Tulimwambia," alisema. "Wajibu wetu uliishia hapo."

"Haukuishia hapo, Gunnel. Uliishia Fittja, mikononi mwa Marit."

"Mambo ya mteja—"

"Yabaki karakanani, najua. Lakini yeye ndiye aliyeyatoa nje. Ametumia jina lako kama muhuri."

Akazima jiko. Nilijua anachokiogopa, na hakikuwa kitu cha kuchekwa. Torsten akijitenga, nusu ya kazi inaondoka naye, na marafiki zake wanamfuata. Gunnel alikuwa mtu mzima, karakana ile ndiyo maisha yake. Nilimheshimu, lakini siku hiyo nilimwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mwalimu yeyote. Nilimwambia kwamba kama kunyamaza ndiko ufundi, basi nirudishe kwenye ofisi za Kista, maana kule nikikuta kioo kimepasuka naruhusiwa kusema. Tulifanya kazi siku hiyo nzima kama watu wawili wenye karatasi midomoni.

Wapenzi wa vitu hivi walikuwa na mkutano wao Jumapili moja kila mwezi, kwenye ukumbi fulani Östermalm, kahawa na keki za mdalasini na watu wazee wakionyeshana vibamba vya chuma vinavyokaa kati ya mpini na makali kulinda mkono. Marit alikwenda na upanga wake. Alinitaka niende naye. Torsten alikuwepo, amekaa karibu na dirisha. Gunnel naye alikuwepo, safu ya nyuma, hakuniambia kama angekuja.

Marit aliulaza upanga juu ya kitambaa, akaeleza alichouziwa na kilichotokea. Alieleza vizuri, bila tusi. Torsten akatabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto. "Nasikitika umevunjika moyo," alisema. "Lakini hakuna aliyeniambia habari za ufa."

Mwenyekiti, mzee mmoja mpole kupita kiasi, akasema labda jambo hili wangelimaliza wao wawili, tusiharibu mkutano. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na Kiswidi changu chote kilikuwa kimenikimbia, ndipo kiti kikaburuzwa nyuma.

"Nilikuambia mimi," Gunnel alisema. Alikuwa amesimama, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Nilikuonyesha kwa kioo. Nilikuambia umekufa, usikatie kitu. Dorothea alikuwa pale. Ukanipa neno lako kwamba utakaa kabatini."

Ukumbi wote ukatazama vikombe. Torsten akatafuta uso wa kumuunga mkono, akaona vipara tu. Akachukua koti lake, akatoka.

Mngependa niwaambie kwamba alifukuzwa. Hakufukuzwa. Mwezi uliofuata alikuwa amekaa pale pale dirishani, na mwenyekiti alimmiminia kahawa. Hakuna aliyemwomba Marit msamaha. Na kazi ziliondoka kweli, kama Gunnel alivyoogopa: kwanza za Torsten, kisha za marafiki zake, ikabidi tuache chumba kimoja cha karakana. Nikisikia mtu anasema ukweli hujilipa wenyewe namtazama tu. Ukweli ule tuliulipia sisi.

Lakini tangu siku ile Gunnel hakuniambia tena kwamba hatuhukumu. Tuliweka sheria: upanga uliokufa haufungwi utepe kwa mkono wetu, awe ameuleta nani na atoe neno gani. Tunauvisha mti mtupu, mpini na ala vya mti mweupe, vimegandishwa kwa gundi ya mchele. Ndivyo Wajapani wanavyoulaza upanga upumzike. Mpini wa namna hiyo haufai kupigia, utaachana mkononi mwako kwa pigo la kwanza, na kila anayeujua upanga akiuona anaelewa. Wapo waliochukia na kuondoka. Waende.

Marit naye alituletea upanga wake tuuvishe hivyo. Hakutaka kuutupa, alisema wahunzi waliolala miaka mia kadhaa hawakumkosea kitu. Gunnel alichonga mti. Kazi ya kuvua mpini ilikuwa yangu, na utepe ule nilikuwa nimeukaza sana kiasi kwamba fundo halikulegea kwa kucha wala kwa koleo. Ikabidi nichukue mkasi.

Niliushika mkasi muda mrefu. Marit alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, akasema, "Naweza kutoka nje kama unataka."

"Kaa," nilimwambia.

Gunnel akaacha patasi yake, akaja akanishikia mpini usitikisike, nami nikakata almasi ya kwanza.